Tofali Lenye Unyayo wa Kuku

Tarehe 6, mwezi wa pili

Kuku wa Mama Wawili amekanyaga tofali langu. Nilikuwa nimeshalitoa kwenye kalibu na kulilaza juani, limenyooka, halina hata ufa, naye akakatiza juu yake kama anapita uani kwao. Unyayo mmoja tu, katikati kabisa, vidole vitatu mbele na kimoja nyuma. Nikamtupia bonge la udongo, nikamkosa. Mama Wawili akatoa kichwa jikoni.

"Shemeji, ukimuua huyo, mayai utataga wewe."

Wenzangu wakacheka mpaka kazi ikasimama. Tofali sikulirudia. Jua lilikuwa kali na mgongo ulikuwa umeshakufa. Nimeliacha likauke na unyayo wake.

Tarehe 8

Daftari hili nimelinunua kwa sababu ya hasira. Nyumbani nikikasirika nina mke wa kugombana naye, tunamaliza, tunakula. Hapa ni mbali na kwetu, basi linalala njiani kabla halijafika. Na hapa ukisema neno asubuhi, jioni limeshamfikia mwenye tanuri, na mwenye tanuri ndiye diwani. Niliishia darasa la sita. Kuandika naweza, ila mkono umezoea udongo kuliko kalamu, na herufi zangu zinaegemeana kama walevi.

Mwenye tanuri akiwepo tunamwita Mheshimiwa. Akiondoka tunamwita Tutajenga, maana hana sentensi isiyo na neno hilo. Amemaliza kipindi chake cha udiwani na anagombea tena. Kura ni mwisho wa mwezi ujao. Mama Wawili ndiye anayetupikia sisi wa tanurini. Mumewe ni dereva wa lori la matofali, mtu wa maneno machache na "sawa bosi" nyingi. Wana watoto wawili, jina limetoka hapo, na wa tatu anatarajiwa mvua zikianza. Fundi mwashi ni mtu mzima, nalala naye chumba kimoja nyuma ya tanuri. Mchana ananifundisha adabu, akilala anakoroma kama mashine ya kusaga. Mimi ni mfyatuaji. Nakanda udongo, najaza kalibu, nafyatua, nainama tena.

Tarehe 9

Tumefyatua. Joto.

Tarehe 14

Tanuri limewashwa jana. Tumelipaka tope pande zote moshi usitoroke, na magogo yanaingia mdomoni bila kupumzika. Kazi hii haina ujanja. Tofali likiiva, ukiligonga kwa jiwe linalia kama kengele. Likiwa bichi linasema pu, kama mtu aliyekaa kwenye mto. Mtu yeyote mwenye masikio anajua tofauti.

Tarehe 19

Tumefungua tanuri. Yameiva yote, mekundu, mazito mkononi. Hata lile la kuku limetoka zima, na unyayo umekaza kama umechongwa. Fundi akaligeuza geuza.

"Haya, wewe hujui hata kutia sahihi, kuku kakusaidia."

Tarehe 21

Kampeni zimefunguliwa. Asubuhi tulipakia lori tukaenda kushusha matofali kwenye uwanja wa shule ya kitongoji cha juu. Tuliyapanga kama alivyoagiza, rundo pana lenye ngazi upande wa mbele. Nilidhani ngazi ni urembo. Mchana Tutajenga alifika na kipaza sauti, akazipanda, akasimama juu.

"Wengine wamekuja kwenu na maneno! Mimi nimesimama juu ya nini?"

"Matofali!"

"Watoto wenu wanasoma chini ya mti. Darasa tutali..."

"Jenga!"

Makofi hayo. Wanawake wakapiga vigelegele. Na mimi nisijifiche, nilipiga makofi. Matofali ni yangu yale, na darasa la watoto ni darasa. Nilirudi kwenye lori nikijiona mtu.

Tarehe 23

Dereva amekuja kuniita wakati nakunywa uji.

"Panda. Tunakwenda kuyachukua."

"Kuyachukua nini?"

"Matofali ya shule."

"Wameshajenga?"

Akaniangalia kama ninavyomwangalia yule kuku.

Tukaenda. Mchana kweupe, si kwa kujificha. Mzee mmoja mwenye baiskeli akasimama kutuangalia tunavyopakia. Akauliza yanapelekwa wapi. Dereva akajibu kama kasuku: "Hayajaiva, mzee. Yanarudi motoni."

Hayajaiva! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Mimi nimelisha magogo lile tanuri mpaka nyusi zikaungua, halafu mtu anasimama mbele ya watu kuyaita matofali yangu mabichi. Nikaokota jiwe, nikagonga moja. Likalia kengele, uwanja mzima ukasikia. Nikamwangalia mzee, nikingoja atukane, aite watu.

"Nimesikia, mwanangu," akasema. "Pakia tu. Hata ya uchaguzi uliopita hayakuiva."

Akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Sijui nimkasirikie nani. Nikianza na Tutajenga, sawa, huyo ni mwizi anayejiibia mwenyewe. Lakini wao wanajua! Wanajua, na juzi wamepiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu. Kumbe mjinga pale uwanjani nilikuwa peke yangu.

Tarehe 24

Sikula. Mama Wawili kauliza kama maharage yana kosa gani. Nikamwambia muulize mumeo. Hakuuliza.

Tarehe 27

Sokoni, kitongoji cha bondeni. Rundo lilelile, ngazi ileile, kipaza sauti kilekile kinachopiga filimbi. Safari hii ni mabanda ya soko. "Mama zetu wanaungua na jua! Mabanda tutaya..." "Jenga!" Nilikuwa nimesimama nyuma, na karibu na kiatu chake, ngazi ya tatu, nikaliona lile la kuku. Lilikuwa shuleni, leo liko sokoni. Limetembea kuliko kuku mwenyewe.

Wazee walisema ahadi ni deni. Hapa ahadi ni mzigo: unapakiwa, unashushwa, unapakiwa. Na mabega yanayopakia ni ya kwangu.

Tarehe 28

Tumeyachukua. "Hayajaiva." Sikugonga jiwe. Yuko mgombea mwingine, mwalimu mstaafu, anapita kwa miguu nyumba kwa nyumba. Nikamsikia mwanamke wa nyanya akimwambia, "Mwalimu, maneno yako mazuri, lakini mwenzio hata kama ni ya kuazima, analeta kitu cha kushika."

Kitu cha kushika! Nilitaka kumpiga na nyanya zake.

Tarehe 3, mwezi wa tatu

Nimempigia mama watoto. Nikamhadithia yote, nikachemka mpaka salio likakaribia kwisha. Akanisikiliza, kisha akasema, "Wewe unashangaa nini? Wetu wa mwisho alizaliwa wapi?"

Alizaliwa kwenye baraza la duka, mvua inanyesha, kwa sababu kule kwetu pia kuna chumba kinachojengwa kila uchaguzi. Mimi nilikuwa huku kwenye udongo wa watu. Mpaka leo watoto wenzake wanamwita Kibaraza, naye anaitika, anadhani ni jina la sifa.

"Umenyamaza," mke wangu akasema.

"Sijanyamaza. Natafuta neno."

"Likipatikana nitumie."

Tarehe 6

Leo rundo limeshushwa zahanati, na hapa ndipo nilipotaka kuvunja kalamu.

Zahanati hii ni chumba kimoja. Humo humo wanafunga vidonda, wanachoma sindano, wanapima watoto. Mwanamke akija kuzaa anawekwa kwenye benchi barazani, shuka moja inatundikwa mbele, basi. Mvua ikija na upepo, inamkuta palepale. Benchi nimeliona. Limechakaa upande mmoja, pale wanaposhika.

Tutajenga kapanda rundo. "Chumba cha kina mama kujifungulia tutaki..." "Jenga!" Na Mama Wawili alikuwepo, alikuja kliniki, tumbo liko mbele kama ngoma. Naye alipiga makofi. Mke wa dereva! Mwanamke ambaye mumewe ndiye anayekuja kuyapakia!

Nesi wa pale ni mwanamke mfupi mwenye ulimi wa wembe. Watu walipotawanyika nikamfuata.

"Dada, nyie watu hamna haya? Mnajua, mnapiga makofi."

Akanitazama kuanzia matope ya miguuni mpaka juu.

"Wewe ndiye unayeyashusha?"

"Ndiyo."

"Na kuyapakia?"

Nikajifuta matope mikononi.

"Kaka yangu, tukizomea, gari linaloleta dawa ni la kwake, litaharibika wiki hiyohiyo. Tukikaa kimya, anakwenda kusimama kwingine. Makofi ndiyo kamba pekee tuliyonayo."

"Kamba ya nini?"

"Ya kumfunga. Ila bado hatujapata pa kuifungia. Anateleza."

Nikaona ni maneno ya watu walioshindwa. Bado naona hivyo.

Tarehe 7

Mama Wawili karudi kuendelea na jikoni. Anapakua, anasema kama mzaha, "Shemeji, jana nesi kanionyesha benchi langu. Kaniambia nichague upande, wa ukutani au wa mvua."

Wenzangu wakacheka. Dereva alikuwa anakula na sisi. Hakucheka, hakuinua macho.

Nilimkuta baadaye chini ya lori, anakaza nati. Nikamwambia yote yaliyokuwa kifuani. Kwamba mkewe atazaa kwenye benchi, na ukuta wake unabebwa na yeye, kwenye lori lake, kwa usukani wake. Akatoka chini taratibu, uso una grisi.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Basi yaliyobaki malizia mwenyewe, mimi nikujibu. Nikikataa, lori litapata dereva mwingine kabla injini haijapoa. Na mke wangu atazaa kwenye benchi hilohilo, ila na njaa juu yake. Wewe una hasira kwa sababu wa kwako wako mbali. Wa kwangu wananiangalia nikirudi jioni."

Akarudi chini ya lori. Sikupata usingizi mzuri, na safari hii si kwa sababu ya Fundi.

Tarehe 8

Matofali ya zahanati hayajachukuliwa. Ajabu.

Tarehe 10

Si ajabu. Mgeni rasmi anakuja kutoka juu kumwombea kura Tutajenga, na ataweka tofali kwenye ukuta wa chumba cha uzazi. Kwa hiyo lazima pawe na ukuta. Tutajenga kaja mwenyewe tanurini na suruali iliyopigwa pasi.

"Fundi, msingi uchimbwe wa kweli, uwekwe mawe, mgeni wetu anapenda kushuka kuangalia. Juu yake kozi nne tu za matofali, usawa wa goti. Tumia tope."

"Tope, Mheshimiwa?"

"Tope. Ili baadaye isiwe tabu kuyatoa."

"Na saruji?"

"Saruji itakuwepo. Mifuko nimeazima dukani. Ipangwe mbele, ionekane kwenye picha, jioni irudi haijafunguliwa."

Fundi akasema ndiyo Mheshimiwa. Jioni chumbani akavua viatu, akakaa kitandani, viatu mkononi.

"Nimejenga vyoo," akasema. "Nimejenga makaburi, nimejenga banda la nguruwe. Ukuta wa kubomoa sijawahi."

Tarehe 11

Kuchimba msingi. Udongo mgumu, mikono imetoka malengelenge juu ya sugu. Mawingu yamekaa kule kwenye vilima, hayaji wala hayaondoki.

Tarehe 13

Kuchimba. Mama Wawili anatembea kama amebeba ndoo isiyoonekana. Mawingu.

Tarehe 15

Fundi amejenga kozi zake nne za tope. Mtu wa mbali hawezi kujua. Kaziweka timazi, kaziweka pima maji, kanyoosha kila kiungo kwa ncha ya mwiko. Nikamuuliza kwa nini ajitese na ukuta wa uongo. "Mkono haujui kuongopa," akajibu, "mdomo ndiyo."

Tarehe 16

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Watu walijaa tangu asubuhi. Mifuko ya saruji ilikuwa mbele, imepangwa kama askari, hakuna aliyeifunika kwa sababu Tutajenga alitaka maandishi yake yaonekane. Matofali kando, na lori nyuma, tayari. Mawingu yalishashuka mpaka ungesema yanagusa bati la zahanati. Mgeni rasmi alichelewa. Alipofika, Tutajenga alihutubia mbele yake ili asikie anavyopendwa, akanogewa, haishi. Kuna mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "Mheshimiwa, mvua!" Akajibu kwenye kipaza sauti, "Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji!" Watu wakacheka. Mvua ikashuka hapohapo, kama imeitwa jina lake.

Haikuwa mvua ya kuanza na tone. Ilikuwa ndoo. Mgeni rasmi alikimbia na viatu vyake vyeupe mpaka garini, tofali hakuligusa. Tutajenga akakimbia nyuma yake na mwavuli. Kabla hajafunga mlango akatupigia kelele: "Pakieni! Saruji kwanza, irudishwe! Matofali kesho yawe bondeni!" Magari yakaondoka yakirusha matope.

Dereva akawasha lori, akalirudisha nyuma kuelekea mifukoni. Likazama. Akakanyaga mafuta, likazama zaidi, mpaka ekseli. Akazima injini, akashuka, akasimama kwenye mvua.

"Limekwama," akasema.

Nikaenda kuangalia. Upande wa juu kuna changarawe, njia tuliyopita siku zote. Upande wa chini ni udongo mweusi ambao hata mbuzi anauzunguka. Yeye kapita chini.

"Ungepita juu lisingekwama."

"Najua."

Yule mtu niliyemwita kasuku kwenye kurasa za nyuma za daftari hili, nilimshika bega.

Na ule ukuta wa Fundi ulikuwa unakufa mbele ya macho yetu. Tope linatoka kwenye viungo kama usaha, kozi ya juu imeshaanza kuteleza. Watu wamebanana barazani pa zahanati wanaangalia. Mama Wawili alikuwa miongoni mwao, amekaa kwenye lile benchi, na maji yanaruka mpaka magotini pake. Sijui nilipatwa na nini. Nilikwenda nikaupiga ule ukuta teke. Nikaupiga lingine. Nikaubomoa wote kwa miguu na mikono huku natukana matusi ambayo siyaandiki, mke wangu anaweza kusoma hapa.

Nilipochoka nikamwona Fundi amepiga magoti kwenye mifuko. Karatasi ya mfuko wa juu ilikuwa imelowa na kupasuka. Akaingiza mkono, akautoa na ujiuji wa kijivu.

"Saruji ikishaonja maji haimngoji mtu," akasema. "Hii dukani hairudi tena. Kesho ni mawe."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ama itumike leo ama itupwe."

"Mheshimiwa kasema tope."

"Mheshimiwa kasema tusipoteze mali yake," Fundi akasema, akachukua mwiko. "Lete mchanga."

Mvua ilipopungua tukaanza. Dereva alitoa turubai la lori, tukafunika mifuko iliyobaki na sehemu ya kukorogea. Mimi nakoroga, dereva anasafisha tope kwenye matofali, Fundi anajenga. Wengi wa barazani walirudi makwao, niseme ukweli. Lakini yule mwanamke wa nyanya aliinua sketi yake akashuka na karai la mchanga kichwani. Wakamfuata wengine. Mzee wa baiskeli alikuja na mwiko wake wa zamani umefungwa kwenye kitambaa. Kumbe naye ni mwashi. Mpaka giza linaingia kozi zilikuwa zimepita kiuno, na zile za tope ziko matopeni.

Lile la kuku Fundi aliliona nilipompa. Akasema tofali kama hili huwezi kulizika ndani ya ukuta. Akalisimamisha kwa ubavu pembeni mwa mlango, usawa wa kifua cha mtu, unyayo nje.

Tarehe 17

Tutajenga alikuja saa tatu asubuhi. Alisimama mbele ya ukuta. Akaupiga kwa ngumi. Haukutikisika. Akaniangalia, akamwangalia Fundi, na kidole kilikuwa kinapanda kutuelekea, mdomo umeshafunguka.

Nesi akatoka ndani mbio, na sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Mheshimiwaaa! Jamani njooni! Mheshimiwa kaja kuona kazi yake! Kasema atajenga, kajenga!"

Na wakatoka. Wagonjwa kwenye foleni, wanawake wa mchanga, watoto, wote. Wakapiga makofi. Wakapiga kwa nguvu, mfululizo, hawaachi, macho yote kwake. Kile kidole kikabaki hewani. Kisha kikafunguka, kikawa mkono, ukaanza kupungia watu.

"Tu..." akasema, akakohoa. "Tumejenga!"

"Na kozi za juu umesema zinaisha wiki hii!" nesi akapaza.

Makofi.

"Na bati zinafuata!"

Makofi zaidi. Alikuwa anatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino. Nesi akapita karibu yangu akirudi ndani, akanong'ona, "Umeona pa kuifungia?"

Niliwahi kuandika kwamba ni maneno ya watu walioshindwa. Nayafuta. Si kwamba nimewapenda. Bado najiuliza kwa nini wamevumilia benchi lile kwa miaka yote hiyo. Lakini nayafuta.

Tarehe 18

Lori limevutwa kwa trekta. Tutajenga hanisemeshi. Anapita kama mimi ni rundo.

Tarehe 20

Saruji imekwisha. Kozi za juu tunajenga kwa tope, tunafunika kwa nyasi. Fundi anasema zikipata paa zitadumu, zisipopata paa zitatuaibisha. Bati hazijaja.

Tarehe 22

Uchungu umemkamata Mama Wawili alfajiri, akiwa anawasha moto wa uji. Dereva akamweka mbele ya lori, sisi nyuma. Mvua ilikuwa inakuja na upepo wa ubavu, ule unaoingia barazani moja kwa moja. Nesi akaangalia benchi, akaangalia kile chumba chetu kisicho na paa wala mlango.

"Mna kitu cha kufunika?"

Dereva alishaanza kufungua turubai. Tukalivuta juu ya kuta nne, tukafunga kamba kwenye mawe. Kona moja haikupata pa kufungwa. Dereva akaishika. Akasimama nje ya ukuta, kamba kaizungusha mkononi, mvua inampiga mgongoni, na ndani mkewe anamtukana yeye, mimi, Mheshimiwa na ukoo wa kuku wake wote. Nikamwambia nimpokee. Akakataa kwa kichwa.

Maji hayakuingia. Upepo haukuingia. Mtoto wa kike alilia mara moja, kwa hasira, kama mtu wa kwetu. Dereva akaachia kamba kabla ya wakati, nusu turubai ikamwagia nesi maji yote yaliyotuama. Hayo matusi ya nesi nayo siyaandiki.

Nimempigia mama watoto. Nikamwambia lile neno sijalipata, ila chumba kipo. Kisha akaniambia Kibaraza meno mawili yameng'oka, nirudi kabla hajasahau sura yangu.

Tarehe 29

Kura. Mimi si wa hapa, sina kadi ya hapa. Nimekaa tanurini na kuku.

Tarehe 30

Ameshinda. Na ameshinda kwa kura nyingi kuliko safari iliyopita, kwa sababu ya ukuta ambao hakuutaka. Mwalimu mstaafu alikuwa na ukweli wote na hana hata tofali moja. Tutajenga kasimama mlangoni pa chumba kile, akahutubia jinsi alivyojinyima, jinsi alivyosimamia usiku na mchana, mvua ikimnyeshea. Ikimnyeshea! Dereva alikuwa kando yangu, na alama ya kamba bado iko kwenye kiganja chake. Watu wakapiga makofi, nesi akiwa wa kwanza. Bati zimekuja. Za upande mmoja tu. Upande wa pili ni turubai, na nesi amemtangazia mbele ya umati kwamba za upande wa pili zinaletwa Jumamosi.

Mimi sikupiga makofi. Kila mtu na kamba yake. Mimi yangu ni hii kalamu na haifungi mtu.

Tarehe 2, mwezi wa nne

Tutajenga katuma mtu. Msimu wa kufyatua umekwisha, mvua zimeanza, mimi na Fundi tuondoke, na msimu ujao tusijisumbue kurudi. Dereva kabakishwa kazini, anasema lori likikwama mara ya pili naye atatufuata.

Tarehe 3

Naandika stendi, basi halijafika. Fundi kaenda upande wake. Kaniachia timazi yake, kasema amechoka kunyoosha vya watu.

Nimepita zahanati kuaga. Mama Wawili yuko kwenye baraza, na sasa barazani wanakaa wanaongojea dawa tu. Nikamwambia jina sasa ni Mama Watatu. Akasema niache, hajazoea, na huko jikoni tanurini bado wanamwita Mama Wawili. Mtoto amelala.

Pembeni mwa mlango wamebandika picha ya Tutajenga, kubwa, anatabasamu, imeandikwa chini kwamba yeye ndiye aliyejenga. Nilikasirika upya, nikataka kuichana. Kwenye kona zote za ukuta hawakuona mahali ila juu ya tofali langu! Nikaisogelea. Mvua ilikuwa imeilowesha usiku kucha, gundi imelegea, na karatasi imedidimia kwenye unyayo, taratibu, mpaka vidole vyote vinne vimejichora, kuanzia kidevuni mpaka kwenye paji la uso.

"Mama Watatu," nikamwita, "njoo uone kuku wako alipokanyaga."

Akaja na mtoto begani. Akaangalia. Akaanza kucheka, akajishika tumbo, akaniomba nimwondoe pale asije akapasuka. Nesi akatoka kuuliza kuna nini, naye akaona.

"Mtu asiiguse," akasema. "Iacheni ikauke."